Foleni Iingie Ndani ya Lango: Yaliyotupata Masese

Wiki iliyopita dada mmoja wa Hoima aliniandikia akiuliza wakazi wafanye nini kabla magari hayajawazidi. Mji wao umepata uwanja wa mpira wa kuchukua mashabiki 20,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Uganda itaandaa pamoja na Kenya na Tanzania, na nyumba yake iko kando ya barabara inayoelekea huko. Nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu, nikashindwa, kwa sababu jambo hili lilinitenga na watu niliowapenda.

Mimi ni mkazi wa Masese, Jinja, karibu na Ziwa Viktoria. Mwisho wa barabara yetu ya changarawe, ambayo magari mawili hupishana kwa shida, ilifunguliwa bustani ya mapumziko yenye bwawa la kuogelea, uwanja mdogo wa mpira na ukumbi wa harusi. Tulifurahi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopeleka watoto siku ya kwanza. Baada ya miezi miwili, kila Jumapili alasiri foleni ya magari ilianzia langoni ikapita nyumbani kwangu hadi njia panda, huku bodaboda wakikatiza katika nyua zetu. Mama jirani anayeanika mukene, yaani dagaa wa kwetu, alilazimika kuwaanua saa nane, jua likiwa bado kali, kwa maana mnunuzi hataki dagaa wenye mchanga.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Tulichanga fedha tukajenga matuta ya udongo, na mvua za Aprili zikayabeba yote. Hata yangedumu yasingetufaa, kwani tuta hupunguza mwendo wa gari bali halipunguzi idadi ya magari, na kwetu magari hayakuwa yakienda mbio, yalikuwa yamesimama.

Kosa la pili lilikuwa langu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la kijiji, hivyo nilisimama katika mkutano wa baraza hilo, ambalo Uganda tunaliita LC1, nikadai bustani ifungwe. Kijana mmoja wa steji ya bodaboda, niliyemfundisha kusoma, aliniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, kwa hiyo hutaki sisi tupate riziki?" Mwingine akaniita adui wa maendeleo, na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikilia. Mpaka leo wapo majirani wawili ambao salamu zao kwangu ni za kutimiza wajibu tu, na siwezi kusema kwamba hainiumi.

Niliyoshindwa kuyapata kwa maneno niliyapata kwa daftari. Jumapili nne mfululizo niliketi barazani kuanzia saa saba mchana, nikaandika kila gari lililopita, saa yake, na muda lililosimama. Jumapili ya tatu nilitembea hadi langoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Askari mmoja alikuwa akikata tikiti na kukagua buti la kila gari papo hapo langoni, magurudumu ya nyuma yakiwa bado barabarani. Askari akitumia dakika moja kwa kila gari, hawezi kupitisha zaidi ya magari 60 kwa saa, hata kama eneo la maegesho ni tupu. Na magari 20 tu yakisubiri, kila moja likichukua mita 6, yameziba mita 120 za barabara ya watu. Tatizo letu halikuwa bustani. Lilikuwa meza ya tikiti.

Nilimpelekea mwenye bustani daftari lile, nikiwa pamoja na mwenyekiti wa LC1 na yule kijana wa steji, ambaye alikubali kunisindikiza. Meza ilihamishwa hadi ng'ambo ya maegesho, askari wa pili akaongezwa, na bodaboda wakapewa pa kusimama ndani ya ukuta. Naisema kazi hiyo kwa fahari kwa sababu niliifanya kwa mikono yangu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Hoima, hesabuni kwanza. Msiende kwa mkubwa yeyote na malalamiko matupu, maana malalamiko hujibiwa kwa ahadi, lakini hesabu hudai hesabu. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kwa mazingira na jamii. Ombeni kuiona, mkitumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, ambayo humpa ofisa wa serikali siku 21 za kujibu. Ndani ya tathmini hiyo tafuteni jambo moja: foleni itasimama wapi, ndani ya ukuta au mbele ya milango yenu? Wala msiwaache nje vijana wa bodaboda, kama nilivyofanya mimi, kwa kuwa wao wanaijua barabara hiyo kuliko mhandisi.

Saa ya kutoka bado hatujaipatia ufumbuzi. Harusi ikiisha usiku, magari yote huondoka kwa pamoja, na tunangoja hadi yaishe. Lakini Jumapili iliyopita mukene wa jirani yangu walikaa juani mpaka saa kumi na moja.