Naloksoni haimwamshi wa bugizi
Dada, umeuliza kama naloksoni inayomwamsha aliyezidiwa na unga, yaani heroini, itamwamsha pia aliyemeza bugizi, vile vidonge vya usingizi. Kama ni bugizi tupu, hapana. Naloksoni huing'oa heroini pale inaposhika kwenye ubongo, pumzi ikarudi baada ya dakika chache. Bugizi ni jamii ya diazepamu, na dawa yake ni flumazenili, ila madaktari huitumia kwa hofu: aliyezoea vidonge hivyo anaweza kushikwa na kifafa. Mara nyingi husaidiwa kupumua tu mpaka vidonge viishe nguvu.

Lakini ukimkuta kijana Kisauni au Mji wa Kale, Mombasa, kazimia, pumzi za kuhesabu, mboni ndogo kama ncha ya sindano, mpe naloksoni kama unayo. Wengi huchanganya vyote viwili, na asiye na heroini mwilini haimdhuru. Hapumui? Mpulizieni mdomoni. Anapumua? Mlazeni ubavu, kisha hospitali. Na akiamka msimwache, nawaomba sana! Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 hivi. Methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, naye anaweza kuzima tena. Maziwa msimnyweshe, atapaliwa.