Magazeti ya Vita Sandukuni: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu waliorithi magazeti ya Vita Kuu ya Pili au ya Vita vya Kagera (Tanzania na Uganda, 1978–79), na walio na mzee nyumbani ambaye bado hajasimulia. Tumeyajibu maswali haya pamoja, kwa sababu gazeti na simulizi hutegemeana.

Nimerithi sanduku la bati lenye *Mambo Leo* na *Baraza* za miaka ya 1940. Karatasi zimekuwa za kahawia na pembe zinavunjika nikizigusa. Nianzie wapi? (Tanga)

Usianze kwa kuyafungua. Tandika shuka jeupe la pamba mezani, nawa mikono na uikaushe kabisa. Glavu za kitambaa ziache, maana hunasa kwenye kingo zilizochanika. Chukua kadibodi ngumu iliyo kubwa kuliko gazeti, iingize taratibu chini ya nakala moja, kisha nyanyua kadibodi, si karatasi. Nakala iliyokunjwa mara nne kwa miaka themanini itakatika ukiikunjua kwa nguvu. Fungua kunjo moja, weka juu yake karatasi nyeupe na kitabu chepesi, uiache siku nzima kabla ya kugusa kunjo la pili.

Rangi ya kahawia inatokana na jinsi karatasi ya gazeti inavyotengenezwa. Ni mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa huzaa asidi inayokata nyuzi za karatasi. Uharibifu uliokwisha kutokea haurudi nyuma. Unachoweza kufanya ni kuupunguza kasi, na hapo adui mkubwa ni joto: likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuoza hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana sanduku lililowekwa juu ya dari, chini ya mabati, huzeesha karatasi haraka kuliko sanduku lile lile likiwa chumba cha chini kisichopigwa na jua.

Sanduku la bati tunalipenda kwa sababu panya na mchwa hawalipenyi. Kasoro yake ni jasho: usiku bati hupoa, na unyevu ulio ndani hugeuka matone kwenye kuta zake. Hivyo tandika kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga chini na pembeni, na rundo lisizidi sentimita 10, ama nakala za chini zitapondeka. Inua sanduku sentimita 15 kutoka sakafuni na uliache mbali kidogo na ukuta wa nje. Ukipata vifuko vya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, viweke pembeni bila kugusa karatasi. Aina ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba maji, na unaweza kuikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 ukaitumia tena.

Kuvu huanza unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65, na pwani hiyo ni hali ya sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo msilifunge sanduku na kulisahau. Lifungueni mara moja kwa mwezi, siku kavu, kuanzia saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha. Naftalini hapana: ni sumu kuivuta na haimzuii mchwa. Ukiwa na meza ya kuwekea sanduku, simamisha miguu yake kwenye makopo yenye oili chafu. Dawa hiyo ya kienyeji inafanya kazi, mradi oili isikaribie karatasi.

Gazeti la mwaka 1979 lina picha ya baba akiwa na wenzake wa mgambo. Nataka kuikata, niipige laminesheni na kuitundika sebuleni. (Morogoro)

Tunakuomba usifanye lolote kati ya hayo matatu.

Ukikata, unaitoa picha kwenye ushahidi wake. Tarehe iko juu ya ukurasa. Nyuma ya picha kuna habari nyingine. Pembeni kuna barua ya msomaji, tangazo la aliyepotelewa na ndugu, orodha ya waliochangia ng'ombe au nafaka kwa ajili ya jeshi. Maisha ya watu wa kawaida wakati wa vita yako kwenye pembe hizo kuliko kwenye kichwa kikubwa cha habari, na ndiyo yanayoishia kwenye pipa la taka mkasi ukipita. Ukurasa mzima ndio wenye thamani.

Laminesheni huyeyusha plastiki kwa joto ikanata kwenye nyuzi za karatasi moja kwa moja. Haitoki tena, na asidi inaendelea kula ndani. Na sebuleni mwanga wa dirisha utaugeuza ukurasa kuwa wa kahawia haraka sana, hata nyuma ya kioo. Piga picha nzuri ya ukurasa, ichapishwe kwenye karatasi bora, utundike nakala hiyo. Ukitaka kuikuza sura ya baba peke yake, ikuze kwenye nakala.

Selotepu iliyokwisha bandikwa iache ilivyo. Ukiibandua utaondoka na maandishi.

Nimesoma kwamba maziwa ya magnesia (dawa ya kiungulia) yakichanganywa na maji ya soda huondoa asidi kwenye gazeti. Ni kweli? (Moshi)

Kikemia kuna ukweli: magnesiamu hupunguza makali ya asidi. Kwa gazeti lako ni hatari. Wakati wa vita karatasi ilikuwa haba, magazeti yakapunguza kurasa, na karatasi dhaifu ya namna hiyo ikilowa huvunjika kwa uzito wake yenyewe ukiinyanyua. Ikinusurika, inabaki na michirizi ya kahawia pale maji yalipokomea. Tena mchanganyiko huo haurudishi nguvu iliyokwisha potea. Fedha hiyo nunulia karatasi zisizo na asidi za kuweka kati ya nakala na nakala.

Maji ya mafuriko yameingia chumbani na rundo la magazeti limelowa. Mengine yana vumbi la kijani. (Kisumu)

Una takriban saa 48 kabla kuvu haijashika. Usitenganishe kurasa zikiwa zimeloa chepechepe na usianike juani: jua hukausha juu, ndani kukabaki maji, karatasi ikapinda na kuvunjika. Lalisha rundo juu ya wavu au chekeche kubwa kivulini, feni izungushe hewa ya chumba bila kulipuliza rundo lenyewe. Likianza kupungua maji, weka kitambaa cheupe au karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache, ukibadilisha kila baada ya saa mbili tatu. Usitumie magazeti mengine kunyonya maji, wino utahamia.

Yaliyo mengi kuliko nguvu zako yafunge kwenye mifuko ya nailoni, toa hewa, uyaweke kwenye friza. Huko hayaozi, nawe utayatoa machache machache. Friza ya nyumbani ikiwa na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili huua pia wadudu na mayai yao. Ukitoa kilichogandishwa kwa ajili ya wadudu, usifungue mfuko kwa saa 24, ili matone ya unyevu yatue nje ya nailoni badala ya kwenye karatasi. Kuvu haifi kwa baridi, inalala tu.

Vumbi la kijani lisifutwe likiwa bichi, litapakaa. Likikauka kabisa, toka nje, vaa barakoa inayobana, na pangusa kwa brashi laini kuelekea upande wa upepo unakokwenda. Mwenye pumu asiiguse kazi hii.

Nina simu ya megapikseli 12. Inatosha kupiga picha gazeti kubwa? (Mombasa)

Inatosha, ila si kwa pigo moja. Tuchukulie ukurasa wa sentimita 60 kwa 40. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 itakupa karibu pikseli 170 kwa kila inchi, na maandishi madogo yatakuwa ukungu. Gawa ukurasa robo nne: kila robo ya sentimita 30 kwa 20 inakupa karibu 340, na hata ukiacha picha zipishane kidogo pembeni unabaki kwenye 300, kiwango kinachosomeka vizuri. Anza na picha moja ya ukurasa mzima ili ijulikane nini kilikuwa wapi, kisha robo zake.

Meza iwe karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, fleshi izimwe, simu iwe sambamba na karatasi. Weka rula pembeni. Nyuma ya ukurasa weka karatasi nyeusi, maana karatasi ya gazeti ni nyembamba na maandishi ya upande wa pili hupenya.

Majina ya faili yaanze na mwaka: *1944-12_MamboLeo_uk03_juu-kushoto*. Yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Usiwatumie ndugu kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwani hubanwa na kupoteza ubora. Zitume kama hati. Uwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine.

Mama yangu alikimbia na watoto kutoka ng'ambo ya Mto Kagera mwaka 1978. Sasa yuko tayari kusimulia. Nimhoji vipi? (Bukoba)

Barua hii imetufurahisha kuliko zote. Vita hivyo vimeandikwa sana kwa majina ya makamanda na miji: Masaka, Lukaya, Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Waliobeba watoto na masufuria gizani hawakuandikiwa mengi.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze sauti itatumika wapi na nani ataisikia. Siku ikifika, aseme mwenyewe kwenye rekodi kwamba amekubali, na kama jina lake litajwe au la. Chagua chumba chenye kitanda na mapazia, kwa kuwa nguo hunyonya mwangwi. Zima redio na feni. Simu iwe kwenye hali ya ndege, umbali wa sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isidake kila anayegonga meza. Rekodi dakika moja, usikilize, ndipo uanze. Taja tarehe, mahali na walio chumbani. Muda usizidi saa moja na nusu. Yaliyobaki yana siku yake.

Usianze na vita. Anza na nyumba ilivyokuwa: migomba mingapi, nani alilala wapi, ng'ombe walikuwa wa nani. Kisha uliza maswali mafupi yasiyo na jibu ndani yake. "Mliogopa sana?" litakupa "ndiyo". "Mlisikia nini kwanza?" litakupa habari. Uliza walichokula, aliyebaki nyuma, walivyovuka mto, walichokikuta waliporudi. Akinyamaza, nyamaza naye, usimkimbilie na swali jingine. Akilia, mpe nafasi ya kuacha, na uamuzi uwe wake.

Tarehe usimlazimishe. Wengi hukumbuka kwa matukio, nawe una vigingi vya kuzitia kumbukumbu hizo: hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, daraja la Kyaka kulipuliwa siku iliyofuata. "Mlikuwa mmeshahama daraja lilipolipuliwa?" ni swali analoweza kulijibu kwa hakika.

Nakala ya gazeti la siku zile mwonyeshe mwishoni, baada ya kusimulia yake yote. Ukianza nalo, atakusimulia gazeti. Ukimaliza nalo, litamkumbusha jina au mahali alipokuwa amepasahau.

Unapoandika kutoka kwenye sauti, saa moja ya mazungumzo hula saa tano au sita za kazi. Andika alivyosema, Kihaya kikiwamo, usimsahihishe Kiswahili. Akimtuhumu mtu aliye hai kwa jina, sehemu hiyo iweke kando isisambae.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma. Aliyosimulia hayamo kwenye magazeti niliyo nayo, na rafiki yake aliyefia huko sijamwona kwenye orodha yoyote. Je, alikuwa akikosea? (Nairobi)

Kukosekana gazetini si ushahidi wa uongo. Barua za askari zilipita kwa wakaguzi, majina ya mahali yakafutwa, na habari za meli zilizozama zilizuiwa au kucheleweshwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli *Khedive Ismail* ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, ikazama kwa takriban dakika mbili ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mtu aliyempoteza jirani kwenye meli hiyo alijua jambo ambalo msomaji wa gazeti hakulijua. Kwa upande mwingine, askari aliona bonde lake tu. Andika masimulizi yote mawili, kila moja na chanzo chake, bila kulifuta moja kwa ajili ya jingine.

Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi. Namba ya utumishi na batalioni ndizo ufunguo: batalioni ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 ya Tanganyika, na nyingine ziliongezwa vita vilipopanuka. Ukijua batalioni, utajua ilikuwa wapi, kwa mfano kama ilikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma na kufika Kalewa Desemba 1944.

Jina la rafiki yake litafute kwenye daftari la mtandaoni la Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, bila malipo. Jaribu tahajia zote: makarani Waingereza waliandika walivyosikia, na jina la baba mara nyingi limegeuzwa kuwa la ukoo. Kwa Vita Kuu ya Kwanza usijilaumu ukikosa kabisa. Tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi. Kwa hao, simulizi ya ukoo huenda ikawa ndiyo rekodi pekee.

Tukitaka kuyatoa kwa taifa, tuyapeleke wapi? (Unguja)

Unguja nendeni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Bara kuna Nyaraka za Taifa Upanga, Dar es Salaam, na kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Nendeni kwanza na orodha tu: jina la gazeti, tarehe, kurasa zilizopo na hali yake. Huenda wanazo nakala nyingi za mwaka mmoja na hawana hata moja ya mwaka mwingine. Mkikubaliana, dai hati yenye sahihi inayotaja kila nakala, na iandikwe humo kama familia itaruhusiwa kuyaona na kuyapiga picha. Barua, vyeti na rekodi za sauti vipelekwe pamoja na magazeti, kwenye orodha moja, ili mtafiti atakayefungua *Baraza* ajue kwamba lilisomwa na nani.