Mshauri wa mambo ya nje anaanzia wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama mtoto wa Lindi asiye na mjomba serikalini anaweza kuwa mshauri wa mambo ya nje. Mtazame marehemu Bernard Membe, wa Rondo kwetu. Alianza na uchambuzi wa usalama Ofisi ya Rais, akasoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, akawa mshauri ubalozini Ottawa, Kanada. Uwaziri wa mambo ya nje ulikuja baadaye, 2007 hadi 2015.

Kazi yenyewe ni kusoma na kuandika: mkubwa anaingia kikaoni, anataka kurasa mbili zenye msimamo. Na Kireno anza sasa, nakusihi. Mmakonde wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, mtaelewana, lakini barua ya serikali yake imeandikwa Kireno.