Maswali ya bustani: kabla ya maua, fikirieni viwavi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vikundi vya mitaa vinavyogeuza viwanja vitupu kuwa makazi ya ndege, vipepeo na vyura. Nimejibu zinazojirudia.

Swali: Tumepanda maua ya kila rangi. Vipepeo wanakunywa na kuondoka, na ndege hawajengi viota. Tumekosea wapi?

Mmewapa vipepeo kinywaji, hamkuwapa pa kuzalia. Kipepeo jike hatagi kwenye ua lolote lililochanua. Hutafuta jani ambalo kiwavi wake ataweza kulila, na spishi nyingi zina mimea michache tu inayowafaa. Viwavi wa kipepeo aitwaye monarch, kwa mfano, hula mimea ya jamii ya Asclepias. Ndege naye, hata mla mbegu, mara nyingi hulisha makinda wadudu laini. Chickadee wa Marekani, ndege mdogo kuliko shomoro, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda wa mzao mmoja. Hesabuni wangapi wako kwenye maua yenu. Tafuteni mimea ya asili ya eneo lenu, miti na vichaka vikiwemo. Majani yakianza kutoboka, furahini.

Swali: Dawa gani ya wadudu ni salama kwa bustani ya vipepeo?

Hakuna, na nimechoka kulijibu swali hili. Dawa inayomuua kiwavi anayewakera ndiyo hiyo hiyo itakayomuua mtoto wa kipepeo mnayemsubiri. Hata miche ya kununua ina hatari yake: ulizeni kama ilitiwa dawa za kundi la neonikotinoidi. Hizo hufyonzwa na mmea mpaka zikafika kwenye chavua na nekta, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake kutumika nje ya vibanda vya vioo. Muuzaji asiyeweza kuwaeleza miche yake imepuliziwa nini, mpiteni.

Swali: Lantana, kile kichaka cha maua, inavutia sana vipepeo. Tuipande?

Kama hamko Amerika ya kitropiki, ilikotoka, hapana. Ndege hula matunda yake, hupeleka mbegu mbali, na huko lantana husonga mimea mingine. Iliyopo ing'oeni kabla haijazaa.

Swali: Majirani wanasema tumefuga kichaka. Tufagie majani makavu?

Msifagie. Chini ya majani hayo wamo buibui, jongoo, vyura wanaokimbia jua na nondo ambao bado hawajatoka kwenye vifukofuko. Nyuki nao wana spishi zaidi ya 20,000 duniani, na wengi hawajui mzinga: kila jike huchimba tundu lake ardhini au hutagia ndani ya bua kavu. Asubuhi moja nilichutama kwenye kipande cha udongo mtupu chenye vitundu vyembamba kama penseli, nikidhani ni vya sisimizi. Akatua nyuki mdogo, miguu ya nyuma imejaa chavua ya njano, akazama kichwa mbele. Siku iliyofuata mtu alikuwa amemwaga matandazo hapo, unene wa kiganja, kwa nia njema kabisa. Acheni mita moja ya udongo wazi penye jua, na mabua msiyakate yote kwa mkupuo.

Majirani nao wana haki ya kuona kuwa mahali panatunzwa. Fyekeni vizuri ukingo wa njia, wekeni kibao kinachoeleza mnachofanya, na kabla ya kupogoa kichaka chochote chungulieni kama kuna kiota.

Swali: Bwawa halitatuletea mbu?

Mbu hupenda kopo lililosahaulika, lenye maji yasiyo na adui. Bwawa lenye mimea huvuta kereng'ende, ambao mabuu yao huwala watoto wa mbu. Msitie samaki, watamaliza mayai ya vyura. Upande mmoja uwe mteremko, anayetumbukia apate pa kutokea. Kama watoto wadogo huchezea hapo, wekeni bakuli badala ya bwawa, na maji yake myabadilishe kila baada ya siku mbili tatu.

Swali: Tuweke taa ili bustani ipendeze usiku?

Hapana. Nondo watazizunguka mpaka wachoke, bila kula wala kutaga. Usalama ukilazimisha, iwe moja, ya chini, yenye mwanga wa njano, inayojizima yenyewe.