Kwa wadogo zangu mnaoingia maabara ya atomi: anzeni na zinazopotea

Septemba 2025 kikundi cha Manuel Endres pale Caltech, Marekani, kilitangaza kuwa kimeshika atomi 6,100 za seziamu, kila moja ndani ya kibano chake cha mwanga, yaani mwale wa leza uliokusanywa hadi nukta ndogo inayoishika atomi. Mwezi huohuo watu wa Harvard na MIT, Mikhail Lukin akiwa miongoni mwao, wakaonyesha mfumo wa atomi zaidi ya 3,000 uliofanya kazi saa mbili na ushei bila kusimama. Najua wengi wenu mmevutwa na namba hizo. Nawaomba mzitazame upande wa hasara.

Chukua ile 6,100. Walitega vibano 12,000 hivi. Nusu nyingine iko wapi? Zikiingia atomi mbili kibano kimoja, mwanga wa leza huzigonganisha na zote mbili hutoka. Kibano hubaki na moja, au kinabaki kitupu. Hata iliyobaki haikai milele: kwa wastani dakika 23, kisha chembe ya hewa iliyosalia kwenye ombwe huipiga kumbo. Kwa atomi moja hizo ni dakika nyingi. Kwa 6,100, piga hesabu mwenyewe: zinaondoka kama nne kila sekunde. Ndiyo maana kazi ya Harvard ilinigusa zaidi. Wao walijenga njia ya kuleta atomi mpya kwa mkanda wa mwanga, hadi 300,000 kwa sekunde, bila kuvuruga zilizokwisha kupangwa.

Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi moja picha ya kamera inayoonyesha atomi ilitoka na upande wa kushoto umejaa mapengo. Siku mbili nzima nilitafuta kosa kwenye programu. Mwenzangu mmoja akaniuliza swali moja tu: jana chumba kilikuwa na joto kiasi gani? Sikuwa nimeandika. Kiyoyozi kilikuwa kimebadilishwa, nyuzi mbili tu, kioo kimoja kikasogea kidogo na mwanga ukakosa shabaha. Tangu hapo, kabla sijagusa chochote, naandika daftarini joto la chumba, nguvu ya kila leza na idadi ya atomi kwenye picha ya kwanza. Fanyeni hivyo tangu wiki ya kwanza, hata kama hamjaambiwa.

Macho yenu, tafadhali. Leza ya nanomita 780, inayotumika kwa atomi za rubidiamu, huonekana kwa shida sana, kwa hiyo ukali wake usiupime kwa kutazama. Miwani ivaliwe, pete na saa zivuliwe. Skrubu ikianguka, ziba mwanga kwanza ndipo uiname, maana uso wako utapita usawa wa meza.

Na wewe uliyetoka chuo kisicho na meza ya leza, kama nilivyotoka mimi, usijifiche nyuma ya kompyuta. Omba kazi ya kuingiza mwanga kwenye uzi wa kioo. Vioo viwili, skrubu nne, na majuma kadhaa mpaka vidole vizoee.

Siku ukiruhusiwa kukaa kwenye skrini, omba picha mbili za mfululizo za safu ileile. Kila doa la mwanga ni atomi moja. Hesabu madoa yaliyopo kwenye ya kwanza na hayapo kwenye ya pili, kisha muulize aliye kando yako yamekwenda wapi.