Maswali ya Wasomaji: Gesi Ipo, Mafundi Je?

SWALI: Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa 2015. Mbona mradi ukija, vijana wa huku tunaambulia kuchimba mitaro na ulinzi? *Msomaji, Mtwara*

JIBU: Ndugu yetu, gesi hula mtaji mkubwa na kuajiri wachache. Ujenzi ukiisha, mtambo hubaki na mafundi wenye vyeti tu. Chukua kuchomelea. Kwa jaribio la 6G, yaani mtihani wa kuchomelea bomba, bomba hufungwa mshazari wa nyuzi 45, marufuku kulizungusha. Anayezunguka ni fundi, mpaka uvunguni. Kisha kiungo hupigwa eksirei, au hukatwa vipande vikakunjwa. Ufa au mapovu ya hewa yakizidi kipimo, amefeli. Fundi mageti, hata awe hodari vipi, havuki hapo kwa kozi ya wiki mbili. Anahitaji miezi ya mazoezi, na elektrodi (vijiti vya kuchomelea) na vipande vya bomba vya kuharibu. Bajeti ya chuo ikibana, hivyo ndivyo hukatwa kwanza. Mafunzo yaanze kabla mkandarasi hajapatikana. Akishafika, anakuja na watu wake.

SWALI: Tutajuaje kama nchi inatajirika au inakula mtaji? *Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma*

JIBU: Usiangalie pato la taifa peke yake, maana dhahabu ikiuzwa huhesabiwa mapato na pengo lililobaki ardhini halitajwi. Tumia hesabu ya akiba halisi, ambayo Benki ya Dunia huitoa. Chukua akiba ya taifa, toa uchakavu wa mitambo na miundombinu, ongeza matumizi ya elimu, kisha toa thamani ya rasilimali zilizochimbwa na hasara ya uchafuzi. Tuseme, kwa kila 100 za pato, akiba ni 20, uchakavu 10, elimu 4, rasilimali na uchafuzi 17. Jibu ni hasi 3: uchumi unaweza kuwa unakua huku nchi ikifilisika.

Hesabu hii ina tundu moja kubwa. Elimu huingia kwa fedha zilizotumika, si kwa alichojua mtoto, kwa hiyo hata mshahara hewa wa mwalimu huhesabiwa uwekezaji.

Wapo waliojaribu kutokula mtaji: Botswana ilijiwekea kigezo kwamba mapato ya almasi yagharamie miradi ya maendeleo, elimu na afya, si matumizi ya kawaida. Imefika mbali, ila ajira bado inaisumbua, na bei ya almasi ikiporomoka bajeti nayo huyumba.