Mtoto Akiingia West Point, Nani Amweke Kwenye Kodi?

Kila Januari wazazi Waswahili tunaoishi Marekani tunapigiana simu kuulizana jambo hili: mtoto yuko chuo cha kijeshi, hajafika miaka 24, anasoma muda wote, hajaoa wala kuolewa. Je, nimweke kwenye ritani yangu, yaani fomu yangu ya kodi ya mwaka, kama mtegemezi? Binti yetu ni kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, wa West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu la Marekani, na msimamo ambao mimi na baba yake tumeufuata ni huu: mwaka anaoingia chuoni, mweke ikiwa hesabu inakubali. Kuanzia mwaka unaofuata, mwache ajaze fomu yake kama mtu anayejitegemea.

Najua jibu hilo linauma. Mama mmoja tunayesali naye aliniambia, "Dada, tiketi ya kuja Krismasi nimenunua mimi, hela ya matumizi namtumia mimi, chumba chake hapa nyumbani hakijaguswa. Leo niambiwe simlei?" Ninamwelewa kabisa. Kadeti wa mwaka wa kwanza ana mshahara, lakini sehemu kubwa inakatwa juu kwa juu kulipia sare, kompyuta na vifaa vingine. Kinachofika mkononi ni kidogo sana, na mzazi anayeombwa hela ya viatu haamini kwamba mtoto huyo anajitegemea.

Lakini sheria haitazami kilichobaki mkononi. Mshahara wa kadeti ni asilimia 35 ya mshahara wa msingi wa ofisa wa cheo cha chini kabisa. Kwa mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Hata zile fedha zilizokatwa zinahesabiwa kwenye W-2 yake, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka. Tena IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wameandika wazi kwamba kuteuliwa kuingia vyuo hivi si ufadhili wa masomo, na kwamba anacholipwa kadeti ni malipo ya kazi. Uzito wote uko hapo. Mwanafunzi wa chuo cha kawaida akipata skolashipu, fedha hiyo huwekwa kando wakati wa kupima nani kamgharimia. Kadeti hana kinga hiyo. Chakula, malazi, matibabu na masomo anavipata kwa sababu yumo jeshini, na akihitimu West Point anadaiwa miaka isiyopungua mitano ya utumishi kamili. Mimi nayahesabu yote hayo kuwa jasho lake. Na mtoto aliyebeba zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake mwenyewe hawezi kuwekwa na mzazi, hata kama umri na masomo vinaruhusu.

Mwaka wa kuingia ni tofauti, kwa kuwa wanaripoti mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Nusu ya mwaka mtoto alikuwa kwako, akila kwako, akitibiwa kwa bima yako. Kuondoka kwa ajili ya masomo hakuvunji sharti la kuishi nawe, maana IRS wanalihesabu kuwa ni kutokuwepo kwa muda. Chukua Chapisho namba 501 la IRS. Ndani yake kuna jedwali la kupima nani aligharimia nini. Sisi tulilijaza kwa stakabadhi: fungu lake la kodi ya nyumba, chakula, daktari, nguo, safari ya kumpeleka. Zihifadhi karatasi hizo. Ukiulizwa siku moja, maneno matupu hayatakusaidia.

Tuangalie na faida inayogombaniwa. Ile nafuu kubwa ya kodi anayopewa mzazi kwa ajili ya mtoto inakoma akifikisha miaka 17. Kwa mtegemezi wa umri huu mzazi anapata dola 500, basi. Nafuu za karo nazo hazikuhusu, kwa sababu West Point haitozi karo. Yeyote anayekwambia uzidai anakutafutia matatizo. Anayeumia kweli ni mama au baba anayelea peke yake. Mtoto akitoka kwenye ritani na hakuna mwingine nyumbani, mzazi anapoteza hadhi ya mkuu wa kaya. Mwaka 2024 kiasi kisichotozwa kodi kilikuwa dola 21,900 kwa mkuu wa kaya na 14,600 kwa asiye na mwenza. Mzazi wa namna hiyo ajipange mapema, aombe kazini kwake wabadilishe makato ya kila mwezi, asisubiri Aprili imshtue.

Kuna jambo la sisi wahamiaji ambalo wenzetu wazaliwa hawalifikirii. Ukimdhamini mama au ndugu kutoka nyumbani kwa fomu ya I-864, utaambatisha ritani yako, na wategemezi uliowaandika humo wanaingia kwenye idadi ya watu unaowalisha. Ritani isiyo sahihi itakufuata huko pia.

Usichanganye haya na ROTC, mafunzo ya uofisa yanayotolewa ndani ya vyuo vikuu vya kiraia. Kijana wa ROTC yuko chuo kikuu cha kawaida kwa skolashipu, kwa hiyo mzazi mara nyingi anaendelea kumweka. Kings Point, chuo cha mabaharia wa meli za biashara, nacho kina utaratibu wake: wanafunzi hawalipwi mshahara kama wa West Point au Annapolis, chuo cha jeshi la majini, isipokuwa wanapokuwa baharini. Huko hesabu ifanywe upya kila mwaka.

Zungumza na mtoto kabla yeyote hajatuma chochote. Kwenye fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, kuna kisanduku cha kusema kwamba mtu mwingine anaweza kukuandika kama mtegemezi. Kadeti akituma fomu yake mwezi Februari bila kukiweka alama, na huo ndio mwaka unaostahili kumweka, ritani yako ya mtandaoni inaweza kurudishwa, naye atalazimika kurekebisha kwa fomu 1040-X. Mpigie mara tu W-2 yake inapotoka, mwishoni mwa Januari, mkubaliane nani anaandika nini.